Kitambaa cha Kuepulia Sufuria

Tandika, Temeke
18 Februari 2024

Mama Mkubwa Mwanakombo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kilwa Kivinje, wewe na kuku wako. Sie huku hatujambo. Mdogo wangu Khalfani amepata kazi kwenye gereji moja ya Manzese, anatoka alfajiri na kurudi na mikono myeusi, na anakusalimu sana. Alitaka kukupigia simu, lakini mara ya mwisho ulizungumza naye robo saa nzima ukidhani ni fundi wa paa, ukamgombeza kwa kuchelewa. Ameona bora mie niandike.

Barua nampa Gaudens, kondakta wa basi la Kilwa, pale Rangi Tatu. Amesema hataki nauli ya barua, ila anataka umwekee mayai.

Nyumba iko vilevile. Kanga ya mama bado inaning'inia nyuma ya mlango, sijaikunja. Mie nashona kibandani sokoni kama kawaida. Jirani yetu Mama Genoveva anaendelea kukaanga dagaa kila jioni, na moshi wote unaingia kwetu. Mama alikuwa akimgombeza miaka nenda rudi juu ya dagaa wale, lakini miaka yake ya mwisho aliacha kabisa. Nilipomuuliza akasema, "Mwache, kila mtu ale." Dagaa wakinukia naukumbuka upole ule.

Sasa jambo lenyewe. Bi Shehnaz wa duka la vitambaa, yule aliyehamia Tegeta, alinijia wiki iliyopita. Unamjua, mama ndiye aliyempikia udi wa harusi yake. Sasa binti yake Fizza anaolewa Jumamosi ya tarehe 29 Juni, kabla Muharamu haijaingia, maana kwao mwezi huo hakuna harusi. Anataka makopo manne ya udi wa mama. Nikamwambia mama hatunaye tangu Oktoba.

"Najua, nilikuja msibani," akasema. "Lakini wewe upo."

Nikajikuta nimesema ndiyo.

Mama Mkubwa, udi uliopikwa na mama umebaki kopo moja tu, na sijalifungua. Mie kupika sijui. Miaka kumi na tisa nilisimama kando yake. Nilitwanga sandali, nilipepea jiko, nilishika kitambaa cha kuepulia sufuria, lakini kuamua kulikuwa kwake. Miaka yake ya mwisho, sukari na marashi vikishaanza kuwa shira, alikuwa akiniuliza, "Unaonaje, Raudha?" Kila mara nilimjibu, "Sijui, mama." Anangoja kidogo, kisha anasema, "Haya, epua." Na kila mara ilikuwa sawasawa. Shira ikiwahi kuepuliwa, udi haushiki. Ikichelewa, inaungua na kuharibu sandali yote.

Hakuandika chochote. Wewe na yeye mlifundishwa na bibi siku moja, jiko moja. Naomba vipimo: sukari kiasi gani, marashi kiasi gani, na motoni dakika ngapi.

Ni mie mwanao,
Raudha


Kilwa Kivinje
3 Machi 2024

Mwanangu Raudha,

Marahaba, na Mungu akuzidishie. Barua nimeipata, na Gaudens amepata mayai sita, moja limevunjikia mfukoni mwake kabla hajafika kwenye basi. Mwambie Khalfani fundi wa paa alikuja, kwa hiyo ugomvi wangu haukupotea bure.

Mimi niko salama. Masikio ndiyo yamegoma, na jino moja limenitoka juzi bila hata kuuma. Kuku ni kumi na mmoja. Mwezi mtukufu huo unakuja, nimeshatwanga mchele wa vitumbua. Mama yako akiwa mdogo alikuwa akiiba unga mbichi na kuulamba, kisha anafuta mdomo kwa kanga yangu ili nipigwe mimi. Nimelikumbuka hilo leo nikiwa kinuni.

Umeniomba vipimo. Nakuandikia hapa chini kama ninavyovijua: sukari vikombe vitatu, marashi kikombe kimoja na nusu, moto wa kiasi, dakika ishirini na tano tangu kuchemka. Ukiepua ndipo utie vipande vya udi na unga wa sandali, ukoroge usiache. Ukishapoa utie kwenye makopo, ufunge siku ishirini bila kufungua.

Nimeandika kwa sababu umeomba. Sikuandika kwa furaha.

Nami nikuulize, na unijibu vizuri. Sufuria inapokuwa motoni, mama yako alikuwa akikaa wapi, na wewe ulikuwa ukisimama wapi? Na macho yake yalikuwa yakitazama nini? Usiniulize kwa nini nauliza.

Kanga usiikunje mpaka utakapotaka mwenyewe.

Mama yako mkubwa,
Mwanakombo


Tandika
14 Aprili 2024

Mama Mkubwa,

Shikamoo, na Idi njema iliyopita. Tulikula pilau kwa Mama Genoveva. Yeye ni Mkristo, lakini alisema mwaka huu asingekubali jiko letu lipoe siku ya Idi, akatupikia. Pilau ilikuwa na chumvi nyingi, tukaimaliza.

Nilipika jana. Nilifuata karatasi yako neno kwa neno. Niliweka simu ya Khalfani juu ya kigoda ili ihesabu dakika. Imeharibika, Mama Mkubwa. Shira iliungua na yote imekuwa ngumu kama jiwe, nyeusi, ina harufu ya sukari iliyodondokea mkaani. Khalfani alivunja kipande akakigonga mezani, akasema, "Dada, kashata ya sandali. Tuipeleke gereji, tuzibie injini." Nilicheka. Kisha nilikwenda kuosha sufuria, nikaiosha muda mrefu.

Sikulaumu. Lakini kuna kitu nataka nikwambie, kwa sababu umeniuliza nilikuwa nikisimama wapi.

Nilikuwa nikisimama kulia kwa jiko, kitambaa kikiwa begani. Mama alikaa kwenye kigoda mbele yangu. Alikuwa akinitazama mimi. Nilidhani ananichunga nisije nikalala.

Jana nilisimama palepale. Ilipofika dakika ya kumi na nane, mkono wangu ulikwenda begani ukashika kitambaa. Sikuuambia uende. Nilitazama simu, bado dakika saba. Nikasema, we Raudha, wewe nani, karatasi imeandikwa na mtu aliyefundwa. Nikarudisha kitambaa begani. Ilipofika dakika ya ishirini na moja nilijua imeshaharibika, lakini nikangoja mpaka ishirini na tano, kama mtu anayesubiri basi ambalo ameliona likipita.

Vipande vya udi alivyoacha mama vinatosha kupika mara moja tu. Nikiharibu tena, hakuna, na sina fedha ya kuagiza vingine. Ninaweza kumpelekea Bi Shehnaz lile kopo moja la mama na kumwomba radhi kwa yaliyobaki. Litakuwa salama. Lakini basi ndani ya nyumba hii hakutabaki hata harufu yake.

Nifanye nini? Niambie, nitafanya.

Raudha


Tandika
26 Mei 2024

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Nakuandikia bila kupata jibu lako. Gaudens anasema mwanzoni mwa mwezi mvua iliikata barabara pale Somanga, mabasi yakalala siku kadhaa, na mizigo mingine iligeuzwa na mingine haijulikani ilipo. Kila Jumapili nakwenda Rangi Tatu kumuuliza. Ameanza kuniona kwa mbali na kutikisa kichwa kabla sijafika. Natumaini nyumba yako haikuingia maji na kuku wako wote kumi na mmoja wako hai.

Nilikusubiri mpaka jana. Ukihesabu siku ishirini za kukaa kwenye kopo, jana ndiyo ilikuwa siku ya mwisho niliyojiwekea kupika, ili nibaki na wiki mbili kabla ya harusi. Nilitaka sana barua yako. Nilikuwa nimeshajiahidi kwamba utakaloandika ndilo nitakalofanya, ukisema nipeleke kopo la mama nitalipeleka. Saa nne asubuhi nikaona barua haiji, na mtu wa kuniambia hayupo. Nikamwambia Khalfani achukue simu yake aende nayo kazini.

Naomba nikueleze ilivyokuwa, kwa sababu sina mwingine wa kumweleza.

Hofu ilianza kabla sijawasha mkaa. Ilisema sana. Ilisema sukari nyingi, ilisema moto mkali, ilisema utamwaibisha marehemu Tegeta nzima. Ilisema mambo mawili yanayopingana kwa mara moja: epua sasa, usiepue. Nilidhani ile ndiyo sauti ya kusikiliza kwa kuwa ilikuwa kubwa. Nikaendelea kusimama. Shira ikaanza kutulia, mapovu yakawa makubwa na mazito, Mama Genoveva akaanza kukaanga dagaa wake mchana kweupe, nikakasirika, nikamwita kupitia ukutani, "Mama Geno, leo tu, nakuomba." Akafunika kikaango. Nikarudi mahali pangu.

Kisha mkono ukaenda begani.

Hapakuwa na neno lolote, Mama Mkubwa. Hata hofu ilikuwa bado inasema, haikunyamaza. Ila mkono haukuwa na habari nayo. Safari hii sikurudisha kitambaa. Niliepua. Shira ilionekana nyepesi kuliko ninavyokumbuka, na kwa macho tu ningesema imewahi. Nikatia udi, nikatia sandali, nikakoroga mpaka bega likauma.

Sasa yako makopo manne, na kikopo kimoja cha masalio, chini ya kitanda cha mama, yamefungwa kwa nta. Sitajua mpaka tarehe 14 Juni. Ikiwa yameharibika, sina kingine. Jambo la ajabu ni kwamba jana usingizi ulinichukua mapema.

Nijibu ukiweza. Si kwa ajili ya vipimo tena.

Raudha


Kilwa Kivinje
2 Mei 2024

Mwanangu Raudha,

Marahaba. Barua yako imenikuta niko salama, mvua nyingi, mawingu hayaondoki, wanasema upepo mkubwa unakuja. Kuku nimewaingiza jikoni.

Uliposema mkono ulikwenda begani, niliweka barua chini nikatoka nje nikatembea mpaka kwenye ukuta na kurudi. Kuna jambo nilimwahidi mama yako kulinyamazia. Nimelinyamazia mpaka ukaharibu sufuria nzima kwa ajili ya karatasi yangu. Nadhani imetosha. Ahadi ilikuwa ya kumlinda yeye na wateja wake, na alipo sasa hahitaji kulindwa na mimi.

Mama yako alikuwa hanusi. Tangu ile homa ya mwaka 2021, pua yake ilikufa, haikurudi. Marashi, samaki aliyeoza, udi, vyote kwake vilikuwa maji. Aliniambia hapa barazani mwaka juzi alipokuja kuniuguza. Alilia kidogo, unajua hakuwa mtu wa kulia. Nikamuuliza, "Sasa Mwanahawa, unapikaje? Watu wanasifu udi wako mpaka leo." Akasema, "Dada, siku hizi naangalia mkono wa Raudha. Namuuliza anaonaje, anasema hajui. Lakini akishika kitambaa, najua wakati umefika. Hajakosea hata mara moja."

Nikamwambia, mwambie mtoto. Akasema, "Nikimwambia ataanza kufikiri, na akianza kufikiri atakosea." Alisema atakwambia siku moja. Siku yenyewe haikufika.

Kwa hiyo alipokuwa akikuuliza hakuwa anakufunza. Alikuuliza kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa hajui.

Na la kwangu mimi nalo nikiri. Vile vipimo ni vya bibi yako, vya moto wa kuni na sufuria ya udongo, na mimi kwa vipimo vile sikuwahi kupata udi hata siku moja. Ndiyo maana niliacha nikafuga kuku. Niliona haya kukuambia, nikakuandikia dakika ishirini na tano.

Kopo la mama yako libaki kwako. Pika. Ukiona mkono umekwenda, uache uende.

Mama yako mkubwa,
Mwanakombo

Tarehe 9 Juni. Barua hii imerudi mikononi mwangu leo. Mzigo ulikwama Somanga barabara ilipokatika, ukarudishwa Nangurukuru, ukakaa dukani kwa mtu chini ya gunia la korosho. Nimepata pia yako ya tarehe 26 Mei. Nimeisoma mara mbili. Sitaongeza neno, naituma hivyo hivyo. Maji hayakuingia ndani. Kuku ni tisa.


Tandika
7 Julai 2024

Mama Mkubwa wangu,

Shikamoo. Pole kwa kuku wawili. Khalfani anakusalimu, amepandishwa, sasa anashika injini zenyewe badala ya kushikia wengine taa. Mama Genoveva naye anakusalimu ingawa hamjaonana.

Barua yako ilinifikia Jumatatu tarehe 24 Juni. Nakuambia siku hiyo makusudi, kwa sababu makopo nilikuwa nimeshayapeleka Tegeta tangu Alhamisi ya tarehe 20. Nataka ujue mambo yalivyofuatana.

Nilifungua kile kikopo cha masalio tarehe 14 kama ilivyopasa. Udi ulikuwa laini, unavutika kidogo, rangi ya kahawia. Nikaweka kipande kwenye chetezo. Sikuweza kujua kama ni mzuri. Nilinusa mpaka nikachanganyikiwa, nikamwita Khalfani akasema unanukia kama mama ametoka kuoga Ijumaa. Lile kopo la mama lilikuwa kando, ningeweza kulifungua nikalinganisha. Sikulifungua. Niliona kama nikilinganisha nitakuwa nimerudi kwenye karatasi.

Bi Shehnaz alinikaribisha sebuleni, makochi bado yana nailoni. Akaagiza makaa, akaweka kipande, akafunga macho. Nikaanza kuhesabu maua ya zulia.

Akasema, "Raudha, huu sio udi wa harusi yangu."

Nikasema, "Ndiyo, Bi Shehnaz." Nilikuwa nimeshashika mkoba nisimame.

"Kaa wewe, unaenda wapi? Ule wa harusi yangu ulikuwa mzito, mpaka mama mkwe alikohoa. Huu ni ule wa juzijuzi. Miaka hii mitatu udi wa mama yako ulibadilika, ukawa mwepesi, mtamu zaidi. Mimi nilidhani mkono wake umezeeka, nikasema kama uzee ndio huu, basi na mimi nizeeke. Huu ndio niliotaka kwa Fizza. Nilijua tu utaujua."

Nilirudi nyumbani sijaelewa. Nilifurahi, lakini sikuelewa kwa nini udi wa mama ubadilike. Siku nne baadaye Gaudens akanipungia mkono kwa mbali, safari hii bila kutikisa kichwa.

Barua yako niliisomea kibandani, mteja akiwa amesimama anasubiri gauni lake. Ikabidi nimwombe arudi kesho.

Mama Mkubwa, mambo mengi yamekaa mahali pake. Samaki, kwa mfano. Alikuwa akinipa samaki sokoni na kusema, "Nusa huyu, mie nina mafua," na nilijiuliza mafua gani hayana kamasi. Uji uliokuwa umeungua akaunywa na kusifu. Na dagaa wa Mama Genoveva. Tangu msiba nimekuwa nikiwasimulia watu jinsi mama alivyokuwa mpole mwishoni. Hakuwa mpole, Mama Mkubwa. Alikuwa hasikii harufu yao. Nilicheka peke yangu kibandani, kisha nikakaa chini kidogo.

Siri nimeitunza. Hata Khalfani hajui. Mama Genoveva naye nimemwachia aendelee kuamini alisamehewa.

Sikukasirika kwamba hakuniambia. Nilifikiri sana juu ya lile neno lake, kwamba ningeanza kufikiri nikakosea. Huenda ni kweli, huenda alikuwa anaogopa tu. Vyote viwili vinaweza kuwa kweli kwa mtu mmoja. Ila nashukuru barua ilikwama Somanga. Kama ingefika kwa wakati, ningepika kwa sababu wewe umesema, na leo nisingejua kama ningeweza kusimama pale bila kuambiwa.

Harusi ilikwenda vizuri. Fizza alipendeza. Wameomba makopo mengine baada ya miezi ya Muharamu na Safar kwisha, na nimeagiza vipande vya udi.

Kanga nimeikunja. Niliifua Ijumaa, nikaianika, ilipokauka nikaikunja.

Na lile kopo la mama nimelifungua mwishowe. Nimekuwekea kwenye kikopo hiki kidogo anacholeta Gaudens, chini wa kwake, juu wa kwangu. Nilitaka kuutenga kwa karatasi katikati usichanganyike njiani, kisha nikaona hakuna haja.

Mpe Gaudens mayai, yeye ndiye aliyeulinda. Na Ijumaa ukiufukiza, mtaje kwanza mdogo wako. Ukishamaliza, unikumbuke na mie.

Mwanao,
Raudha